Karte kwenye Wavu wa Gaston

“Toa karte yangu pale, Gaston. Toa sasa hivi, mbele ya batu bote, sawa vile uliitundika mbele yabo.”

Gaston hakuinua kichwa. Alikuwa anapanga chupa tupu ndani ya kazie, lile sanduku la plastiki lenye vyumba vyumba, na kila chupa aliyoishusha aliigonga kidogo kwa mwenzake, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba yeye ana kazi na wengine wana kelele.

Domitille alisimama kwenye dirisha la depo ya soda mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeanza kulegea. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mfereji na hakuna aliyelalamika kungoja. Ugomvi mzuri unatolewa bure, na watu wa Musonoi hawajawahi kukataa cha bure.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wiki iliyopita alileta kazie ya chupa tupu ili apewe nyingine yenye soda, akakuta chupa moja imekosekana. Moja tu. Gaston akampa soda, ila akamwambia aache karte ya uchaguzi, kadi yake ya mpiga kura, iwe rehani, siku ataleta chupa atarudishiwa. Aliacha bila kufikiri sana, maana karte ya uchaguzi ndiyo karte ya kila kitu. Ukitaka laini ya simu, toa karte. Ukipokea pesa uliyotumiwa na ndugu, toa karte. Sasa imefika hata kwenye soda: ukitaka maji yenye sukari na rangi ya chungwa, lazima kwanza wajue baba yako aliitwa nani. Domitille alidhani itakaa kwenye droo. Kumbe Gaston alikuwa amebuni njia mpya. Alivuta waya kwenye wavu wa chuma wa dirisha, akatundika karte za wadaiwa wote kwa vibanio vya nguo, sura zikitazama nje, kama samaki waliopasuliwa wakauke.

“Kila mutu anayekuya kununua anasimama anasoma mi,” Domitille akasema. “Nilikupatia karte juu ya chupa. Sikukupatia juu ya kuonyesha soko yote.”

“Si sura yako? Ao uliiba?”

Foleni ikacheka. Domitille akageuka akawatazama mmoja mmoja, kicheko kikapungua kuanzia mbele.

Akatoa pesa ya chupa, akaiweka dirishani. Gaston akaisukuma kwa kidole kimoja. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa, kwamba lori la kampuni ya soda halipokei pesa mahali pa chupa. Chupa za kioo zimekuwa haba tangu zije za plastiki, na wakikuta pengo kwenye kazie wanampunguzia mzigo yeye, siyo Domitille.

“Kampuni haijui jina ya mutu, inajua chupa,” akamaliza. “Yeyote atakayeleta chupa, karte inashuka, anaibeba. Hakuna chupa, inabaki inapiga upepo. Njo sheria, Nkulu Domitille.”

Hapo ndipo Domitille aliposhtuka. Si kwa sababu ya sheria. Ni kwa sababu ya jina.

Maana Musonoi nzima hakuna aliyekuwa anamwita hivyo. Mwanamke aliyezaa anaitwa kwa mtoto wake, na yeye alikuwa Mama Gloire, kwenye meza yake ya mikate, kanisani, bombani. Kuna majirani waliokula mikate yake miaka sita bila kujua jina lake lingine, na hawakuwa na haja nalo. Sasa Gaston alilitoa mdomoni kwa sauti ya juu, kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani.

“Na yako iko wapi pale kwenye waya?” Domitille akamuuliza. “Tundika na yako. Tusome na sisi ulizaliwaka mwaka gani.”

“Mi sina deni ya mutu.”

“Utakuwa nayo,” akasema, akaokota pesa yake, akaondoka bila kazie ya soda aliyoifuata wala karte. Shingo aliishikilia wima mpaka alipopita kona. Baada ya kona akaegemea ukuta wa mtu, akapumua.

*

Miaka saba nyuma alikuwa Fungurume, mke wa Lucien, fundi wa pampu. Lucien alikufa kwa homa kabla mvua haijaanza. Kilio hakijaisha, jamaa bado wamelala uani, mdogo wa marehemu, Guelord, akamwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba mambo yamepangwa. Wazee wameona yeye ndiye atakayemrithi. Nyumba itabaki mikononi mwa ukoo, na mwanamke pia. Alisema hivyo huku akila, na aliendelea kula baada ya kusema. Domitille hakubishana. Aliosha sahani ya Guelord. Kabla ya siku ya kutoa kilio, mwisho wa matanga, akapanda lori la mkaa mpaka Kolwezi, kwenye mtaa huu wa Musonoi, na begi moja, na ndani ya tumbo lake siri ya miezi mitatu ambayo hata Lucien mwenyewe alikufa kabla hajaambiwa.

Siri hiyo sasa ilikuwa inasoma mwaka wa kwanza, ikipoteza kalamu kila wiki. Domitille aliamini upande wa baba hawajui kwamba Gloire yupo. Wangejua, wangekuja, na kwa desturi ya kwao hakuna ambaye angewaambia wamekosea. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama ni mlango tu aliopitia.

Jina la mtoto lilimfunika kama kitenge. Mtu wa Fungurume angeweza kupita Musonoi nzima akiuliza Domitille, na watu wangemwambia kwa moyo mweupe kwamba hawamjui. Karte ndiyo ilimvua. Mbele picha na majina yake yote, nyuma majina ya wazazi na avenyu, barabara anayoishi, hata namba ya nyumba. Siku ya kujiandikisha alitaka kudanganya avenyu. Lakini karani alimtazama usoni, na pasta alikuwa amehubiri Jumapili ile ile juu ya ulimi wa uongo, akajikuta amesema kweli. Anaijutia kweli ile mpaka leo.

Na Guelord alikuwa dereva. Alibeba shaba kutoka huku kuelekea mpakani, na madereva wa shaba walipenda kusimama kwa Gaston kwa sababu friji yake inagandisha kweli. Ndiyo maana Domitille siku zote alienda depo alfajiri, malori yakiwa bado yamepanga mstari kwenye mizani. Yeye alienda alfajiri. Karte ilibaki pale kutwa.

*

Chupa alijua iko wapi. Ilichukuliwa na Mechack, mchimbaji kutoka Manono, kijana mpole aliyekula mikate mitano, akanywa nusu ya soda na kuondoka na nusu ya pili mkononi, akisema atairudisha kesho. Kesho ya wachimbaji haina kalenda.

Domitille akamwachia Henriette meza yake ya mikate. Henriette aliuza samaki wa kukaanga pembeni yake, mwanamke mnene wa maneno mafupi, akamuuliza tangu lini chupa moja inamfanya mtu awe na macho ya mgonjwa. Domitille akajibu kwamba ni njaa. Henriette akatazama lile beseni la mikate mbele yao.

Kwenye machimbo alipita kati ya maturubai ya rangi ya chungwa, akiuliza, mpaka akalikuta shimo la akina Mechack. Na chupa akaiona kabla hajamwona mwenyewe. Ilisimama kwenye jiwe bapa, pale kamba inapoingilia ardhini, shingoni imefungwa uzi mweupe. Ndani mlikuwa na mafuta.

Mechack alipomwona alivua kofia. Akaeleza, macho chini, kwamba shimo la jirani liliporomoka mwezi uliopita. Wenzake wakataka mafuta ya kuombewa, na siku ile chombo cha kioo alichokuwa nacho kilikuwa hicho tu. Mama pasta akaombea mafuta pamoja na chupa yake. Tangu hapo hakuna anayeshika kamba kabla hajachovya kidole akajipaka kwenye paji la uso, na tangu hapo hakuna aliyeumia hata ukucha.

Domitille alikuwa amebeba kidumu cha plastiki kwa ajili ya mabadilishano. Akakitoa. Mechack akakipeleka kwa wenzake kama mtu anayebeba kaa la moto, wakazungumza, wakakitazama kile kidumu, wakamtazama yeye kama mtu aliyekuja kuomba kamba yenyewe.

“Mama Gloire,” Mechack akarudi akasema, “uombe kitu ingine. Hata simu yangu nitakupa.”

Wakati huo huo mwanaume mmoja, mkubwa kuliko wote, aliinama, akachovya kidole kwenye mafuta, akajipaka, akashika kamba, akashuka. Kilibaki kitambaa cha kichwa chake, kisha hata hicho hakikuonekana. Domitille alikuwa na ulimi unaoweza kuwasha moto kwenye kuni mbichi. Lakini hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu ashuke chini ya ardhi bila kitu anachoegemea. Akachukua kidumu chake.

Mechack alimfuata mpaka njiani, akiapa atamtafutia chupa nyingine, atauliza hata kwenye machimbo ya Mutoshi, kabla ya Jumapili. Domitille akamwambia aache kuapa, atafute.

*

Njiani kurudi alipanga maneno. Angemwomba Gaston pembeni, kwa sauti ndogo, aiingize karte kwenye droo siku chache tu. Alifikiri kumwomba aigeuze, kisha akakumbuka kilichoandikwa nyuma na akaogopa zaidi. Kuomba kulimwia vigumu kama kumeza mfupa. Lakini angeomba.

Alipofika depo, saa za jua kali, lori lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, limefungwa turubai juu ya mabamba ya shaba. Kwenye dirisha la Gaston alisimama mwanaume mwenye mabega ya kuanguka, kichwa kimeelekezwa upande, akisoma. Mabega yale ya Guelord Domitille alikuwa ameyapikia miaka minne, Lucien akiwa hai.

Miguu ilitaka kugeuka. Lakini wapi? Nyumbani ni pale pale palipoandikwa nyuma ya karte. Akaingia nyuma ya rundo la kazie kando ya ukuta, akavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi. Henriette, aliyekuwa ameziacha meza zote mbili kwa jirani, alikuwa kwenye foleni na ndoo ya barafu, akamwona akijificha. Akafumba mdomo uliokuwa umeanza kufunguka.

“Huyu ni muke ya yaya yangu, mukubwa wangu Lucien,” Guelord alikuwa anamwambia Gaston, kwa ile sauti yake ya upole, ya mtu anayekula. “Tunamutafuta tangu zamani. Alitorokaka kilio haiyaisha. Anaishi wapi?”

Gaston akasema yeye anauza soda, hafuati watu majumbani.

“Geuza karte nione. Nyuma banaandika avenyu.”

“Hapa mutu hagusi karte isiyo yake, tata shofere.”

Guelord akacheka kidogo. Akauliza kama mwanamke yule anakuja na mtoto. Gaston akauliza mtoto gani.

“Batu ba kwetu banasemaka aliendaka na mimba. Kama iko mutoto, ule ni wa kwetu. Nitamubeba leo leo, lori si ile pale? Mama yake, akitaka, atafuata.” Akagonga wavu kwa ufunguo wa gari. “Sasa, karte iko hapa juu ya nini?”

Na Gaston, ambaye alikuwa ameimba sheria yake wiki nzima mpaka ikawa kama sala ya mezani, alijibu kabla hajafikiri. Chupa moja. Akileta chupa, karte inashuka.

“Nani akileta?”

Gaston akageukia friji. Lakini wateja walikuwa wanaijua sheria kwa moyo, na mmoja wao, mzee asiye na ubaya wowote, akaimalizia: yeyote.

“Niko nazo tele kwenye kabini,” Guelord akasema, akavuka barabara kwenda kwenye lori.

Domitille akatoka nyuma ya kazie. Alikuwa na muda wa mtu kupanda ngazi ya lori na kushuka. Maneno yote aliyopanga njiani yalikuwa yamekimbia, yale ya kuomba na yale ya kutukana. Akashika wavu.

“Gaston,” akasema. “Gloire iko peke yake ku nyumba.”

Gaston akamtazama, akatazama lori, akatazama ile karte inayotikisika kwenye kibanio. Uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu aliyekalia kitu na anaanza kuhisi ni nini. Mlango wa kabini ukagongwa. Henriette akasogea hatua moja na unene wake wote, na Domitille akarudi nyuma ya kazie.

Guelord akaweka chupa dirishani. Ilikuwa safi, ya kioo, ya aina ile ile. Hata mdomo haukuwa na ufa.

“Njo hii. Sheria ni yako, tata.”

Gaston akanyoosha mkono, akabana kibanio, karte ikaanguka kwenye kiganja chake. Domitille aliuma kitenge. Gaston akaitazama karte kama anaisoma kwa mara ya kwanza, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

“Unachelewa,” akasema. “Ile deni ilisha kuisha.”

“Iliisha namna gani? Sasa hivi ilikuwa inatundikwa.”

“Niliisamehe. Nilisahau kushusha tu. Chupa yako nikiipokea, nitakuwa nalipwa deni haiko. Hiyo ni wizi, na mi ni mukristo.”

“Ulisamehe lini?”

“Unataka kunihesabia huruma yangu, tata shofere? Deni ilikuwa ya kwangu. Mi njo ninajua siku ilikufa.”

Sauti ya Guelord ikapoteza ule upole. Akasema basi aonyeshwe nyuma ya karte, mara moja, atazame tu. Gaston akajibu kwamba karte isiyo na deni ni ya mwenyewe, na akagonga mfuko wa shati. Guelord akageukia foleni. Akauliza nani hapa anamjua Domitille.

Yule mzee asiye na ubaya akafungua mdomo, akakutana na jicho la Henriette, akaufunga.

“Domitille?” Henriette akasema, akihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mwingine. “Hapa tuko na ba-Mama Fulani na ba-Mama Fulani. Ba-Domitille hatuna. Na ile picha ya karte, tata, isikudanganye. Kwenye karte kila mutu anafanana na mufu wa siku mbili.”

Watu wakacheka, kicheko cha kweli, cha mtu kukumbuka sura yake mwenyewe ilivyotoka. Guelord hakucheka. Alisimama kidogo akiwasoma, sura kwa sura, kisha honi ya lori lingine ikamwita, kwa maana mabamba ya shaba hayangoji mambo ya ukoo. Akachukua chupa yake. Akasema atapita tena.

“Pita,” Gaston akasema. “Soda iko baridi siku zote.”

Lori likaondoka taratibu kuelekea barabara kuu. Domitille hakutoka mpaka vumbi lilipolala.

Alipofika dirishani Gaston alikuwa amekwisha kufungua kifungo. Karte akaipitisha chini ya wavu, uso chini, na mkono wake mwingine ulikuwa unavua vibanio vingine kwenye waya, kimoja kimoja, akiziangusha zile karte kwenye droo ya pesa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

“Na chupa?” Domitille akauliza.

“Ulinisikia. Deni ilikufa.”

“Kampuni itakupunguzia.”

“Ipunguze.” Akainua kazie yenye soda, akaiweka juu ya meza, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akainama kwenye wavu akapunguza sauti. “Mama Gloire, ule mutu ni nani kwako kabisa? Na ule mutoto, kumbe baba yake...”

Domitille alikuwa anaingiza karte ndani ya blauzi. Akasimamisha mkono.

“Gaston,” akasema. “Unaanza tena?”

Gaston akazunguka kwa mlango, akabeba kazie mwenyewe, akamtwika Domitille kichwani taratibu, chupa zikagongana mara moja na kunyamaza.